Mawe ya Nchi Yetu: Namna Yalivyofanyika na Jinsi ya Kuyatambua

Maelezo kwa wakulima wa Mwakitolyo na wa sehemu zote za Usukuma

Nyumbani mwako mna mawe ya namna nyingi, ingawa labda hujapata kuyafikiri. Chini ya chungu pana mafiga matatu. Karibu na ghala pana jiwe la kusagia, ambalo mama alilirithi kwa mama yake. Mlangoni pana kinoo cha kunolea panga na shoka. Ukienda shambani, jembe lako lalia juu ya changarawe nyekundu. Ukishuka mbugani, wakuta vijiwe vyeupe katikati ya udongo mweusi. Mawe haya yote si ya asili moja. Kila jiwe lina ukoo wake, na ukoo huo ndio unaoamua udongo ulio juu yake uweze kuzaa nini.

Katika nchi ya Mwakitolyo jambo hili lina uzito kuliko mahali pengi, maana hapa watu wawili huweza kulitazama jiwe moja, mmoja akaona shamba, na mwingine akaona dhahabu. Wapo waliouza ng'ombe wa kulimia kwa ajili ya jiwe lililong'aa, nalo halikuwa na kitu. Wapo pia waliolima miaka mingi katika udongo usiofaa zao walilolipanda, kisha wakasema kwamba wamerogwa. Hao wote walipata hasara kwa kutojua jambo moja tu: jiwe walilokuwa wakilikanyaga ni jiwe gani. Maelezo haya yataka kukusaidia ulijue.

1. JIWE NI KITU GANI?

Jiwe ni mchanganyiko wa chembe za madini, kama vile kande ilivyo mchanganyiko wa mahindi na maharage. Chukua nyundo, vunja kipande cha jiwe la kilimani, kisha ukitazame juani mahali palipovunjika. Utaona chembe zing'aazo kama kioo: hizo ni kwazi. Utaona chembe za rangi ya maziwa, au zenye wekundu hafifu: hizo ni feldispa. Utaona tena vipande vyeusi vinavyometameta, ambavyo waweza kuvibandua kwa ncha ya kisu kama magamba ya samaki: huo ni ulanga. Jiwe lenye chembe hizi tatu ni itale, ambalo wengine huliita graniti.

Sasa angalia yanayotokea jiwe hilo likikaa katika jua na mvua kwa miaka mingi. Ulanga huoza, nao hutoa chuma ambacho hutia udongo wekundu. Feldispa huoza, ikawa udongo laini wa mfinyanzi. Lakini kwazi haiozi. Hubaki vile vile, nayo ndiyo mchanga. Basi mchanga wa shambani kwako zamani ulikuwa jiwe, na udongo wa kufinyangia chungu nao ulikuwa jiwe. Udongo ni mtoto wa jiwe. Ukimjua mzazi, hutashangaa tabia za mtoto.

2. KOO TATU ZA MAWE

Mawe yote ya dunia yagawanyika katika koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni mawe ya moto. Chini sana ardhini mna joto kubwa mno, hata mahali pengine jiwe huyeyuka likawa kama uji mzito. Uji huo hupanda juu, ukapoa na kuganda. Kama umepoa polepole ndani ya ardhi, chembe zake hupata nafasi ya kukua, nawe waweza kuzihesabu kwa macho. Hivyo ndivyo ilivyofanyika itale. Kama umetoka nje ukapoa upesi, chembe zake huwa ndogo sana, na jiwe huonekana jeusi au kijivu, lenye mwili mmoja. Hilo huitwa basalti. Mfano wake ni chumvi. Maji ya chumvi yakikauka polepole, chumvi huwa na chembe kubwa. Yakichemshwa na kukaushwa kwa haraka, chumvi huwa laini kama unga.

Kilimanjaro ulijengwa kwa uji wa moto uliotoka nje, na Ol Doinyo Lengai, katika Mkoa wa Arusha, ni mlima ambao hata leo hutoa moto. Lakini mawe makubwa ya Mwanza, pamoja na lile la ziwani lililopewa jina la Bismarck, ni itale, nayo yaligandia chini kabisa. Leo twayaona juu kwa sababu miamba iliyoyafunika iliondolewa na mvua na mito kwa muda mrefu usioelezeka. Nayo yana umbo la mviringo kwa kuwa hubanduka maganda kama kitunguu, si kwa kuwa mtu aliyachonga.

Kuna jiwe jingine la moto linalostahili kutajwa kwetu Shinyanga, nalo ni kimbalaiti, jiwe la almasi. Lilipanda toka kina kirefu mno kupitia katika shimo mfano wa bomba. Bomba la Mwadui, alilogundua John Williamson mwaka 1940, lina upana wa hektari 146 hivi, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 50. Huo ni ujana tu, maana itale na mawe ya dhahabu ya Usukuma yana zaidi ya miaka milioni 2,500.

Ukoo wa pili ni mawe ya mashapo. Haya hufanyika kwa takataka za mawe mengine. Mto huchukua mchanga na tope, ukavitua ziwani au baharini. Tabaka hulala juu ya tabaka, na uzito wa juu huyabana ya chini mpaka yakashikamana. Mchanga huwa jiwe la mchanga. Tope huwa jiwe laini la kupasuka kama kurasa za kitabu. Mengine hutokana na viumbe: mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za Unguja na pwani yote ni mifupa ya wadudu wa baharini, nayo ni chokaa tupu. Alama kubwa ya ukoo huu ni tabaka.

Ukoo wa tatu ni mawe geu. Haya yalikuwa ya ukoo wa kwanza au wa pili, lakini yakafukiwa chini, yakabanwa na kuchomwa bila kuyeyuka, hata yakageuka tabia. Tazama udongo wa mfinyanzi: ukiingia tanuruni hutoka chungu, nacho hakirudi tena kuwa tope. Ndivyo chokaa ilivyogeuka marumaru, na ndivyo mawe ya milima ya Uluguru na Usambara yalivyopata milia yake.

Mawe ya dhahabu ya kwetu kwa sehemu kubwa ni ya ukoo huu. Zamani sana uji wa moto ulimwagika chini ya maji, ukawa basalti. Baadaye basalti ile ilibanwa na kuchomwa, ikapata rangi ya kijani. Kwa hiyo wataalamu huyaita mawe ya kijani. Pamoja nayo kuna jiwe la chuma lenye milia, lile lijengalo vilima vya Geita: mstari mwekundu au mweusi wa chuma, kisha mstari wa kijivu au mweupe, zikifuatana kama nyuzi za kitenge. Jiwe hilo lilianza kama mashapo yaliyotua chini ya bahari ya kale, tabaka la chuma juu ya tabaka la kwazi.

3. NAMNA YA KULITAMBUA JIWE

Huna haja ya vyombo vya thamani. Nyundo, kisu, kipande cha kioo, sumaku ndogo na ndimu vyatosha. Fuata utaratibu huu:

(a) Livunje. Usihukumu jiwe kwa ngozi yake, kwa maana jua na mvua hubadili rangi ya nje. Tazama ndani, mahali papya. Ukivunja, fumba macho au vaa miwani, na watoto wakae mbali.

(b) Tazama chembe zake. Chembe kubwa zilizoshikana bila mpango ni dalili ya itale. Tabaka za mchanga au tope ni dalili ya mashapo. Chembe zilizolala upande mmoja, au milia iliyopinda kama maji yanayokwenda, ni dalili ya jiwe geu.

(c) Jaribu ugumu wake. Linalokwaruzwa na ukucha ni laini sana. Linalokwaruzwa na kisu lakini si na ukucha ni la kadiri. Chokaa ni mojawapo. Lisilokwaruzwa na kisu, nalo lakwaruza kioo, ni gumu. Kwazi ni mojawapo. Kwa njia hii hutachanganya kwazi nyeupe na chokaa nyeupe, ingawa kwa macho zafanana.

(d) Jaribu chokaa. Kwangua unga kidogo wa jiwe, udondoshee maji ya ndimu au siki. Ukitoa povu, jiwe hilo ni la chokaa. Lisipotoa povu, silo.

(e) Lipime mkononi. Chukua jiwe la kawaida mkono mmoja, na lile ulichunguzalo mkono wa pili, ukubwa ukiwa sawa. Jiwe la chuma hulemea waziwazi. Kisha lilete karibu na sumaku. Baadhi ya mawe ya chuma huivuta.

4. KILA JIWE NA UDONGO WAKE

Wazee wa Kisukuma walizipa aina za udongo majina yake kabla ya Bwana Shamba yeyote kufika, na majina hayo hata leo ni mazuri kuliko mengi ya vitabuni. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani, alieleza kwamba udongo wa nchi hii hufuatana toka kilimani hadi bondeni kama shanga katika uzi. Wazee walikuwa wakilima kwa elimu hiyo tangu zamani.

Karibu na vilima vya itale utakuta luseni, udongo wa mchanga. Kwa kuwa kwazi ni nyingi, maji hupita upesi na chakula cha mimea ni haba. Ni mwepesi kulima, nao wafaa mihogo, viazi vitamu, karanga, njugu mawe na uwele. Usiulazimishe kuzaa mahindi kila mwaka bila samadi. Utachoka wewe nao utachoka. Lakini usiudharau, maana chini ya vilima hivyo, mahali itale ilipooza ikawa changarawe, mara nyingi ndipo maji ya kisima hupatikana.

Juu ya mawe ya kijani utakuta udongo mwekundu, ambao Wasukuma huuita kikungu. Mawe hayo yana chuma kingi na kwazi kidogo, basi udongo wake una mfinyanzi zaidi nao hushika chakula cha mimea kuliko luseni. Hapa pamba na mahindi huona raha. Kumbuka, basi, kwamba mawe yale yale yanayowavuta wachimbaji ndiyo yaliyozaa udongo bora wa mkulima.

Bondeni utakuta mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Maji ya mvua hushusha mfinyanzi laini pamoja na chokaa iliyotoka katika mawe yaliyooza juu, navyo hujikusanya hapa. Mbuga ni mahali pa majaruba ya mpunga. Vile vijiwe vyeupe uvionavyo ni chokaa iliyoganda ndani ya udongo. Vijaribu kwa ndimu nawe utaona povu. Udongo wa kijivu wenye chokaa nyingi huitwa ibushi. Na pale kati ya mchanga na mbuga, penye sakafu ngumu ambayo jembe hudunda, ni itogolo. Huko usipoteze mbegu. Paache pawe ngitili, malisho ya kiangazi.

5. JE, MAWE HUOTA?

Wakulima wengi husema, "Shamba langu linaota mawe, mwaka jana hayakuwapo." Ndugu mkulima, mawe hayaoti. Yalikuwapo chini siku zote. Udongo uliokuwa juu yake ndio ulioondoka. Mvua imeuchukua, kidogo kidogo, kila msimu.

Ile changarawe nyekundu, ambayo wajenzi wa barabara huiita moramu, yahitaji uangalifu zaidi. Hufanyika ndani ya udongo wenyewe, chuma kikishuka na maji na kuganda. Iwapo chini hudhuru kidogo. Ikipigwa na jua huzidi kuwa ngumu kama tofali. Basi ukiiona imetokeza, jua kwamba shamba lako lakuaga. Unene wa kidole mmoja wa udongo huweza kuchukua mamia ya miaka kufanyika toka jiwe, na mvua chache kubwa zaweza kuuondoa. Lima kwa kukinga mteremko. Piga matuta, uyafunge kwa vijituta vya kukatiza ili maji yakae. Jambo hili lilijaribiwa katika kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kabla ya mwaka 1950, nalo lingali kweli.

6. DHAHABU NA VITU VINAVYOFANANA NAYO

Dhahabu ya nchi yetu ililetwa na maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba. Maji yalipopoa, yaliacha kwazi katika nyufa, na mahali pengine yaliacha dhahabu pia. Kwa hiyo watu hufuata mishipa ya kwazi. Lakini angalia sana: kwazi ni nyingi kila mahali, na sehemu kubwa yake haina dhahabu hata chembe. Jiwe jeupe shambani si ahadi.

Vitu viwili hudanganya watu zaidi. Cha kwanza ni pairiti, madini ya chuma na kiberiti, yenye rangi ya manjano na kung'aa. Cha pili ni ulanga uliooza, ambao hugeuka rangi ya dhahabu. Vitambue hivi:

Dhahabu ni laini. Ukiigonga kwa nyundo, hupondeka ikawa bapa. Pairiti huvunjika ikawa unga. Ukiisugua dhahabu juu ya kigae kisicho na rangi ya kung'aa, huacha mstari wa manjano. Pairiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na pairiti mara 5 tu. Ulanga ni mwepesi, nao huchukuliwa na maji ya karai. Tena dhahabu yaonyesha rangi ile ile juani na kivulini, bali ulanga humeta ukiugeuza, kisha hufifia. Usiichome pairiti jikoni ili kuijaribu, maana moshi wake ni sumu.

Namjua mkulima mmoja aliyekuwa na maksai wanne na shamba zuri la kikungu. Alipata jiwe la kung'aa, akauza maksai wawili ili alipe wachimbaji, kisha akauza na wawili waliobaki. Mashimo yalichimbwa katikati ya shamba, na udongo wa chini usiozaa ukatupwa juu ya udongo mwekundu. Lile jiwe lilikuwa pairiti. Pigo moja la nyundo lingalimwonya siku ya kwanza. Leo hulima kwa jembe la mkono kando ya mashimo yake mwenyewe.

Sisemi kwamba usichimbe. Wengi wa Mwakitolyo hupata riziki yao machimboni. Lakini ujue kwamba, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yaliyo chini ya shamba ni mali ya Taifa, na mchimbaji mdogo hana budi awe na leseni. Jiwe lako lipelekee mtu wa ofisi ya madini alipime kabla hujauza hata kuku mmoja. Na dhahabu ukiipata, ipeleke katika soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019, si kwa mnunuzi wa gizani.

7. HATARI ZA MAWE

Kwazi ikitwangwa hutoa vumbi lisiloonekana, nalo hukaa mapafuni, halitoki. Mtu hukohoa, hukonda, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Basi usitwange jiwe kavu, wala usilitwange uani penye watoto. Lilowanishe kwanza, nawe kaa upande upepo utokako.

Zebaki ishikayo dhahabu ni sumu. Mvuke wake huharibu ubongo, nayo hudhuru mtoto aliye tumboni. Isichomwe kamwe ndani ya nyumba, wala katika sufuria ya chakula. Mchanga uliokwisha kuoshwa usimwagwe majarubani wala karibu na kisima, maana mara nyingi una zebaki. Tena pairiti iliyomo, ikipata maji na hewa, hutoa tindikali inayoua mimea.

Jambo dogo la mwisho: usichukue mafiga katika mto. Jiwe lililolowa huweza kupasuka motoni likaumiza wapishi.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

Livunje jiwe kabla ya kulihukumu. Liulize kwa kisu, kwa ndimu na kwa sumaku. Panda zao linalopatana na mzazi wa udongo wako. Ukiona mawe yanaongezeka shambani, usiyalaumu mawe, kinga udongo. Ukiona kitu king'aacho, kipige nyundo kabla hakijakupiga wewe.

Msimu huu, kabla ya mvua za kwanza, tembea toka kilimani mpaka mbugani pamoja na watoto wako. Okoteni jiwe moja kila mahali udongo ubadilikapo rangi, myavunje, myapange juu ya mkeka kwa mfuatano wake. Kwa jua moja tu mtakuwa mmeisoma nchi yenu, nanyi mtajua pa kupanda karanga, pa kupanda pamba, na pa kuacha majani yakue. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Na udongo mwekundu, ambao haung'ai, umewalisha watu wetu miaka mingi.